Sauti Kando ya Shuka Nyeupe: Kumbukumbu za Sinema za Utotoni katika Bonde la Tana

Historia ya sinema katika pwani ya Afrika ya Mashariki aghalabu imeandikwa kama historia ya majumba. Wachunguzi huanza na Unguja, ambako jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, kisha huvuka bahari kwenda Dar es Salaam na Mombasa, wakayataja majumba ya Regal, Majestic na Naaz, misururu ya watu siku za Idi, tikiti zilizolanguliwa mlangoni, na akina mama waliotengewa maonyesho yao. Ni historia yenye utajiri mwingi, kama ilivyodhihirika katika kitabu cha Laura Fair juu ya Tanzania kilichochapishwa mwaka 2018. Lakini ina upungufu mmoja. Mahali ambapo hapakujengwa jumba huonekana kana kwamba hapakuwa na sinema, na watu wake huonekana kana kwamba hawakuwa na picha walizozipenda utotoni mwao.

Garsen, katika bonde la chini la mto Tana, haukuwa mji wa majumba ya sinema. Ulikuwa mji wa pantoni. Kabla ya daraja kujengwa, msafiri aliyetoka Malindi kwenda Lamu alifika ukingoni, akashuka, akangoja chombo kilichovutwa kwa kamba kutoka ng'ambo moja hadi ng'ambo ya pili. Pale ukingoni palikuwa na maduka, migahawa ya chai na mahamri, ofisi za serikali na shule, na pale ndipo walipokutana Wapokomo waliolima mpunga, mahindi na ndizi kwa kufuata kujaa na kupungua kwa maji, Waorma na Wawardei walioleta ng'ombe kunywa, na wafanyabiashara waliotoka Lamu, Malindi na kwingineko. Mvua kubwa ziliponyesha barabara ilikatika, na mafuriko kama yale ya mwaka 1961 yaliwaacha watu juu ya vilima wakiyatazama mashamba yao yakigeuka ziwa. Mahali pa namna hii sinema ililetwa kwa gari, na ililetwa wakati wa kiangazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika sehemu hizi picha ya sinema ilipokewa kwa sikio kuliko kwa jicho, na kwamba hamu ya sinema za zamani waliyo nayo watu waliokulia huko ni hamu ya sauti: sauti ya mkalimani aliyesimama kando ya shuka, sauti ya kijana aliyerudi kutoka mjini akaisimulia picha aliyoiona, na sauti ya wimbo uliofika kabla ya picha yenyewe. Kwa sababu hiyo, historia hii inawahusu wanafunzi wa lugha kama inavyowahusu wanafunzi wa filamu, na yamkini inawahusu zaidi.

Asili ya gari la sinema ni ya kikoloni, na haina budi kuelezwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulifanyika mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa na Meja L. A. Notcutt na Geoffrey Latham kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Hapo zilitengenezwa filamu fupi juu ya kilimo, afya na maisha ya vijijini, na sauti yake haikuwa ndani ya mkanda. Iliwekwa katika sahani za santuri, ili filamu moja iweze kuelezwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Filamu hizo zilizungushwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tangu mwanzo, basi, picha na sauti zilikuwa vitu viwili mbali mbali katika sinema ya vijijini huku kwetu. Picha ilikuwa moja kwa wote. Sauti ilibadilishwa kila mahali.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, hapo kwanza kwa ajili ya propaganda ya vita. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha inayokwenda kwa haraka, na kwamba ni lazima kila kitendo kionyeshwe polepole, bila kuruka kutoka mahali hadi mahali. Moja ya filamu za mwanzo za chombo hicho, iliyotolewa mwaka 1940, iliitwa Mr. English at Home, nayo ilionyesha siku moja ya familia ya Kiingereza nyumbani kwake. Ni nani aliyeamua kwamba mkulima wa Tana au mfugaji wa Galana alikuwa na haja ya kujua jinsi Mwingereza anavyokunywa chai, hilo ni swali ambalo kila mtu anaweza kulijibu mwenyewe.

Kuna kisa kimoja ambacho wataalamu wa Ulaya wamekirudia mara nyingi. John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alieleza jinsi filamu juu ya kuondoa maji yaliyotuama ilivyoonyeshwa kwa Waafrika ambao hawajapata kuona sinema. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba mna kuku ndani yake, hata walipoikagua picha kwa picha wakamkuta, amepita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Marshall McLuhan alikichukua kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1962, akakifanya ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hajui pia kutazama. Kisa hiki kingeweza kufasiriwa kwa njia nyingine kabisa. Watazamaji walioweza kumwona kuku ambaye hata mtengenezaji hakumwona hawakuwa na upungufu wa macho. Walikosa mtu wa kuwaambia kwa nini wameitwa kuja kutazama mtaro wa maji machafu. Na watu wa pwani walioketi saa tatu nzima wakifuata picha ya Kihindi, kwa lugha wasiyoijua, bila kupotea njia, wameijibu nadharia ya Sellers kwa vitendo.

Colonial Film Unit ilifungwa mwaka 1955, lakini magari hayakufungwa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 Wizara ya Habari na Utangazaji ya Kenya iliendelea kuyatumia kupeleka wilayani habari za sherehe za taifa, hotuba za Rais, na mafunzo juu ya malaria, mbolea na vyoo. Makampuni ya sabuni, dawa na sigara nayo yalikuwa na magari yake, ambayo yalitanguliza tangazo na kumalizia kwa kichekesho, au yakaanza na kichekesho ili tangazo lisikimbiwe. Charlie Chaplin alifika hivyo katika vijiji vingi ambavyo havikupata kusikia jina la mji aliozaliwa. Hapana shaka yeye ndiye aliyekuwa mgeni rahisi kuliko wote, kwa kuwa hakuhitaji kufasiriwa.

Usiku wa sinema ya uwanjani ulikuwa na utaratibu wake. Gari lilipita mchana likitangaza kwa kipaza sauti. Jua lilipotua shuka nyeupe ilitundikwa kati ya miti miwili au milingoti miwili, jenereta likawashwa mbali kidogo ili mngurumo wake usiyameze maneno, na taa ya mashine ikachora njia ya mwanga hewani, njia iliyojaa vumbi na wadudu. Watoto waliketi mchangani mbele kabisa. Wazee walikuja na mikeka au vigoda. Waliochelewa walikwenda nyuma ya shuka, maana picha huonekana pande zote mbili za kitambaa. Na huko nyuma kila mpiganaji alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kila neno lililoandikwa lilisomeka kinyume. Mkanda ulipokatika, giza liliingia na kelele zikapanda. Ulipokwisha mmoja na kutiwa mwingine palikuwa na nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo ilikuwa ya mkalimani.

Mkalimani huyu anastahili kuzingatiwa kuliko alivyozingatiwa hadi sasa. Filamu ilipokuwa bubu, au ilipokuwa ya Kiingereza, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti na kuieleza. Katika barua na miongozo ya wakoloni alionekana kama chombo tu, mfereji wa kupitishia ujumbe. Katika uwanja wa kijiji mambo yalikuwa tofauti. Aliyejua kazi yake hakutafsiri, alisimulia. Aliwapa watu wa kwenye picha majina yanayotamkika, akawatania wazee waliokuwa mbele yake, akafananisha mto wa kwenye picha na mto waujuao, akatoa methali mahali ambapo mtengenezaji wa filamu alitia muziki.

Katika bonde la Tana kazi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya hali ya lugha. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wataalamu wa isimu, hasa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993, wamekiweka pamoja na Kiswahili, Kielwana, lugha za Mijikenda na Kikomoro katika kundi la Sabaki. Mpokomo, basi, alikisikia Kiswahili cha mkalimani kama anavyosikia mtu maneno ya jamaa yake wa mbali: mengi anayatambua, mengine yanamchekesha. Mworma, ambaye lugha yake ni ya Kikushi, hakuwa na ujamaa huo. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ofisini. Mtu wa Kipini au Ozi, aliyezoea lahaja za kaskazini, alikisikia Kiswahili sanifu cha afisa wa serikali kama lugha iliyofuliwa ikapigwa pasi. Kiswahili kimoja kilichotoka katika kipaza sauti kimoja kiliingia katika masikio ya namna tatu au nne, na ni jambo la kuaminika kwamba watoto waliorudi nyumbani usiku ule hawakuwa wameona picha moja.

Ni katika mazingira hayo neno "steringi" lilipata maana yake. Asili yake ni matangazo ya Kiingereza ya kutaja wachezaji wakuu, lakini vijana wa Afrika ya Mashariki wamelifanya nomino ya Kiswahili: steringi ni shujaa wa picha, anayeonewa mwanzo akashinda mwisho, na sifa yake kubwa ni kwamba hafi. Mbele yake yuko adui, na maadui wadogo wasio na majina. Mtoto aliyejua sheria hii hakuogopa kitu. Risasi mia zikipigwa, alijua hakuna inayomlenga steringi.

Watoto wa Tana ya chini, hata hivyo, walikuwa na shujaa mwingine kabla ya huyu, na yeye alikufa. Masimulizi ya Fumo Liyongo ni ya nchi hii hii. Yanazungukia Pate, Shaka, Ungwana na Ozi, na kaburi linalosemwa kuwa lake linaonyeshwa karibu na Kipini, unapoishia mto. Utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, lakini hadithi yenyewe ilienea kwa midomo tangu zamani. Liyongo hakudhurika kwa mkuki wala kwa mshale. Aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba iliyotiwa kitovuni, baada ya mwana huyo kuhadaiwa na maadui wa baba yake. Mtu aliyelelewa na kisa hiki anapoiangalia sinema huwa ameijia na maswali yake. Anajua kwamba hatari ya shujaa haitoki kwa jambazi mwenye bastola. Inatoka ndani ya nyumba.

Pengine ndiyo sababu picha za Kihindi ziliingia pwani kwa urahisi kuliko za Hollywood, ijapokuwa sababu za biashara nazo zilikuwapo, kwa kuwa wenye majumba na wasambazaji wengi walikuwa watu wa asili ya Kihindi. Katika Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, mama aliyevumilia njaa, mafuriko na mkopeshaji dhalimu anampiga risasi mwanawe kipenzi, Birju, ili kuilinda heshima ya kijiji. Mafuriko, shamba lililoharibika, mkopeshaji wa nafaka: hapana hata kimoja kati ya vitu hivi kilichohitaji maelezo kando ya Tana. Na katika Sholay ya mwaka 1975 mmoja wa masteringi wawili, Jai, anakufa mwishoni. Jambo hilo liliivunja sheria, na kila aliyekuwa kijana wakati ule anajua ubishi uliozuka: je, mtu anayekufa ni steringi kweli? Aliyemjua Liyongo alikuwa na jibu tayari.

Picha hizi ndefu hazikuja Garsen kwa gari la serikali. Zilikuja kwa mdomo. Kijana aliyesoma shule ya bweni Malindi au Mombasa, au aliyekwenda kufanya kazi ya kibarua bandarini, alirudi likizo na picha kichwani. Jioni moja ilitosha kwa Awaara, na kwa Sholay zilihitajika mbili. Msimulizi aliimba nyimbo kwa Kihindi asichokijua, akaigiza ngumi kwa mdomo na mateke kwa miguu, hasa baada ya mwaka 1973, Bruce Lee alipofariki na Enter the Dragon ikaanza kuzunguka duniani. Wasikilizaji wake waliopata baadaye kuiona picha yenyewe, pengine miaka kumi imepita, yamkini walisikitika. Picha ilikuwa fupi kuliko masimulizi, na steringi wake hakuwa mrefu kama walivyomjua.

Inafaa kukaa kidogo juu ya picha moja, Haathi Mere Saathi ya mwaka 1971, ambayo Rajesh Khanna anacheza kama kijana aliyelelewa pamoja na ndovu wanne. Ndovu hao wanamtumikia, wanambembeleza mtoto wake, na mmoja wao, Ramu, anakufa akimwokoa. Kwa mtoto wa mjini ilikuwa hadithi tamu ya wanyama. Kwa mtoto wa mkulima wa Tana ndovu alikuwa kitu kingine: alikuwa yule anayeingia shambani usiku na kumaliza ndizi za mwaka mzima, yule ambaye kwa ajili yake baba alilala kwenye dungu akipiga debe. Kusimuliwa kwamba iko nchi ambayo ndovu anamlaza mtoto kitandani kulikuwa sawa na kusimuliwa kwamba iko nchi ambayo mamba anavusha watu bila nauli. Ilipendwa kwa sababu haikuaminika. Kisha ukaja ujangili. Idadi ya ndovu nchini Kenya, iliyokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, ilishuka hadi 16,000 hivi mwaka 1989. Anayeikumbuka hadithi ya Ramu leo anawakumbuka pia ndovu aliowachukia utotoni, na hamu moja imeingia ndani ya nyingine.

Njia ya tatu ilikuwa wimbo. Tangu miaka ya 1940, Mombasa ilipopata kituo chake cha Sauti ya Mvita, redio za betri zilipeleka taarabu mbali na mji. Sehemu kubwa ya taarabu ya Mombasa ilichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Bingwa wa mtindo huo alikuwa Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye aliimba tungo nyingi za ndugu yake, mshairi Ahmad Nassir. Katika nyumba za pwani wimbo ulijulikana kwanza kwa maneno ya Kiswahili ya mapenzi na usaliti. Mtu akija kuiona filamu, alimshangaa mchezaji wa Bombay kwa kuimba tuni ya Juma Bhalo kwa maneno ya kigeni. Kwa mantiki ya masikio yake hakukosea. Ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu kwamba wimbo aliousikia kwanza si wa asili?

Na sauti haikusafiri upande mmoja tu. Kenya ilipokaribia kupata uhuru, iliundwa kamati ya watu watano, wakiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ili kuandaa wimbo wa taifa. Tuni waliyoichagua ni ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, uliotoka kwa Mzee Galana wa Tana River. Wimbo wa mama wa kumnyamazisha mwanawe ukawa wimbo wa kupandishia bendera usiku wa Desemba 1963. Ikawa pia desturi katika majumba ya sinema ya Kenya kwamba kabla ya picha kuanza wimbo wa taifa hupigwa na watazamaji wote husimama. Kwa mtoto wa Nairobi au Kisumu ulikuwa wajibu wa dakika moja au mbili, pengine wa kuudhi, kabla ya steringi kutokea. Lakini mtoto wa Kipokomo aliyeingia jumba la Mombasa kwa mara ya kwanza, aliyesafiri siku nzima, akavuka kwa pantoni na kula vumbi hadi Malindi na kuendelea, aliingia gizani miongoni mwa watu asiowajua, na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa wimbo wa kitandani mwake. Mahali pasipo na jumba lolote la sinema pamekuwa pakifungua maonyesho ya kila jumba nchini.

Lugha za Ulaya zinalo neno moja la hali inayozungumzwa hapa. Lilibuniwa na Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu huko Basel, mwaka 1688, kuwa jina la ugonjwa uliowapata Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Kiswahili hakikubuni neno moja. Husema hamu, shauku, ukiwa, au husema tu kwamba mtu amekumbuka. Upungufu huo, kama ni upungufu, una faida kwa mwanahistoria, maana humlazimisha kuuliza kila mara: anakumbuka nini, na anaona ukiwa wa nini?

Wako wahakiki ambao wamezikataa kumbukumbu hizi moja kwa moja. Hoja yao ni kwamba sinema ilikuwa silaha ya kueneza utamaduni wa kigeni, na kwamba kuitamani ni kuitamani minyororo. Hoja hii ina uzito inapohusu nia ya waliozileta filamu, Mr. English at Home haikutengenezwa kwa bahati mbaya. Inapungua uzito inapohusu walioketi mchangani. Kati ya shuka na mtazamaji alisimama mtu mwenye ulimi wake, na ulimi huo haukuwa wa London wala wa Bombay.

Onyo lililo kubwa zaidi ni jingine. Kumbukumbu za utotoni huchagua. Aghalabu wanaozisimulia ni wanaume, kwa sababu msichana hakuruhusiwa kwa urahisi kukaa uwanjani usiku, na alichokijua juu ya picha alikijua asubuhi yake kisimani au mtoni, kwa kusimuliwa na kaka zake. Minou Fuglesang, katika utafiti wake juu ya wasichana wa Lamu uliochapishwa mwaka 1994, ameonyesha jinsi mambo yalivyobadilika video ilipoingia majumbani: wasichana walipata kuziona picha za Kihindi nyuma ya mlango, wakajifunza kwazo namna za kuvaa na kuzungumza juu ya mapenzi. Kwao picha za utotoni hazina uwanja, hazina jenereta, wala hazina mkalimani.

Kumbukumbu huchagua pia kuhusu amani. Ni rahisi kusema kwamba zamani Mpokomo na Mworma walikaa mbele ya shuka moja bila ugomvi. Walikaa, na uwanja wa shule haukuwa na upande wa wakulima na upande wa wafugaji. Lakini ugomvi wa malisho na maji ulikuwapo wakati huo huo, na vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliifanya safari ya usiku kuwa jambo la hatari katika sehemu kubwa za wilaya. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya delta ya Tana, wanawake na watoto wakiwamo, na vijiji kama Riketa vilichomwa moto. Mtu mzima anayekumbuka leo usiku wa sinema ya uwanjani anaukumbuka akiwa upande huu wa mwaka huo. Anachokitamani yamkini si filamu. Ni kule kuketi gizani kando ya mtu ambaye hukuulizwa kabila lake.

Filamu zenyewe zina mahali pake. Kati ya zile za Vugiri zimesalia chache, tatu tu zikijulikana kuwapo katika hifadhi ya filamu ya British Film Institute huko Uingereza, ambako hata nyingi za Colonial Film Unit zinahifadhiwa. Katika mji wa London, kwenye ghala la British Museum, imo ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyokuwa chini ya wazee wa kijo na ambayo iliondolewa Tana na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20; wazee wa sasa wamekuwa wakidai irudishwe. Ngoma inaweza kudaiwa kwa sababu ni kitu. Mkanda wa filamu unaweza kuombwa nakala. Sauti ya mkalimani haikuwekwa katika sahani yoyote baada ya siku za Vugiri. Ilitoka mdomoni mwake, ikaingia masikioni mwa watoto, ikaishia hapo. Watoto hao sasa ni watu wa miaka sitini na zaidi. Idara za lugha zimekusanya vitendawili, ngano na nyimbo za arusi za bonde hili kwa bidii ya kusifika, na masimulizi ya sinema yameachwa kwa sababu hayakudhaniwa kuwa fasihi simulizi. Mtafiti akienda kuyatafuta, asiulize jina la filamu. Aulize mkalimani alisema nini, na kwa lahaja gani.

Jumba la sinema halikujengwa hata baadaye. Kilichokuja ni kibanda cha video: kwanza kwa jenereta na mikanda ya VHS, kisha kwa sahani za DVD, na kwa nyaya za umeme wa taifa, ambao njia yake kuu ya kutoka Rabai kwenda Lamu kupitia Garsen ilikamilika katika miaka ya 2010. Mijini majumba mengi ya zamani yalifungwa katika miongo hiyo hiyo. Mengine yakawa makanisa, mengine maduka. Vibandani, hata hivyo, amerudi mtu ambaye wachunguzi wachache walimtarajia. Dar es Salaam alikuwapo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Uganda wako wanaojiita VJ. Na nchini Kenya yuko DJ Afro, ambaye sauti yake imelazwa juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, akizisimulia kwa Kiswahili cha mitaani, akiwapa wachezaji majina mapya, akiwatania watazamaji asiowaona. Watoto wa vibandani huitaja picha kwa jina la msimulizi wake kabla ya kulitaja jina la steringi, na wengine hukataa kuitazama akikosekana. Tofauti yake na mtu wa kipaza sauti cha uwanjani ni moja: sauti ya huyu wa sasa inauzwa pamoja na picha, katika sahani ile ile.